Kishungi Hakikupotea, Kilijificha

Nikiwa na miaka 13 nilimwita rafiki yangu mwizi mbele ya ploti nzima. Sababu ilikuwa kinda la njiwa.

Kama umekulia Eastlands unajua njiwa si mchezo. Ni raha, ni biashara na ni siasa za mtaa. Mimi nilikuwa na dume mmoja mwenye kishungi. Kishungi ni yale manyoya ya kisogoni yanayosimama kuelekea juu, kama mtu ameamka na hajachana nywele. Nilimnunua soo tano, pesa niliyoweka kwa miezi nikitembea kwa miguu badala ya kupanda matatu. Nikamtafutia jike wa kawaida, kichwa laini, halafu nikaanza kungoja vishungi.

Njiwa hutaga mayai mawili. Baba na mama wanalalia kwa zamu, na baada ya siku 18 hivi yanaanguliwa. Mara ya kwanza nikapata makinda wawili, vichwa laini. Mara ya pili, vichwa laini. Ya tatu, ya nne, hivyo hivyo. Makinda wanane na hakuna kishungi hata kimoja. Nikaona jamaa aliyeniuzia amenicheza. Kwa hasira nikamuuzia rafiki yangu wa mlango wa pili dume na jike kutoka kwa hao makinda, ndugu wa kiota kimoja, kwa soo mbili tu.

Miezi ikapita. Siku moja akaniita juu kwenye paa, macho yanang'aa. Kwenye kibanda chake kulikuwa na kinda ameanza kuota manyoya, na kisogoni manyoya yamesimama. Kishungi safi kabisa.

Sasa, karibu miezi miwili kabla ya hapo mayai mawili yalikuwa yamepotea kwenye kiota changu. Nikaunganisha hayo mambo mawili hapo hapo. Njiwa wake wote walikuwa vichwa laini, na wazazi wasio na kishungi hawawezi kuzaa kishungi, si ndiyo? Basi aliiba mayai yangu. Nikapiga kelele. Watu wakatoka. Wazee wa njiwa mtaani wakakubaliana na mimi, wakasema kitu kama hicho hakijawahi kuonekana. Mama yake, kwa aibu, akanilipa. Wiki hiyo hiyo njiwa wote wa rafiki yangu wakauzwa, na jina la mwizi likamfuata mpaka wakahama.

Juzi nikiwa natafuta vitu vingine kabisa nikakutana na historia ya kishungi cha njiwa. Nimesoma kwa siku tatu. Nilikosea, na nataka mjue nilikosea vipi, kwa sababu kosa lenyewe ni la zamani kuliko mimi na watu wakubwa sana wamewahi kulikaribia.

Kofia za watawa

Njiwa wote wa kufugwa duniani, zaidi ya aina 300, wanatoka kwa ndege mmoja: njiwa wa porini anayeishi kwenye majabali ya Ulaya, Afrika Kaskazini na Asia. Huyo wa porini hana kishungi. Kichwa chake ni laini kama cha yule njiwa anayekula punje za mahindi pale stendi. Watu walianza kumfuga maelfu ya miaka iliyopita, na huko mikononi mwa watu ndiko vichwa vilianza kubadilika.

Kuna kishungi chenye ncha moja kisogoni. Kuna kilichozunguka kisogo kutoka sikio hadi sikio, kama ganda la chaza. Kuna wenye mstari wa manyoya unaoshuka shingoni kama shungi la farasi. Halafu kuna Jacobin. Huyu ana manyoya ya shingo yaliyogeuka yote yakazunguka kichwa mpaka ukimwangalia kwa pembeni huoni uso. Jina lake linatoka kwa watawa wa Kidominiko wa Paris, walioitwa Jacobin, ambao walivaa kofia kubwa za kufunika kichwa. Ulaya kuna aina nyingine ya njiwa ambayo jina lake maana yake ni mtawa wa kike, tena ni kwa sababu ya manyoya yake ya kichwani. Watu waliangalia manyoya wakaona nguo.

Hii si mitindo ya jana. Ulisse Aldrovandi, msomi wa Bologna nchini Italia, alichapisha vitabu vikubwa juu ya ndege kuanzia 1599, na ndani yake kuna njiwa wa kufugwa wenye manyoya yaliyogeuka kichwani. Enzi hizo hizo kule India, mfalme Akbar alikuwa na njiwa zaidi ya 20,000. Mwandishi wake wa ikulu, Abul Fazl, aliandika kwamba mfalme mwenyewe alikuwa akichanganya aina tofauti ili kupata bora zaidi, na kwamba wafalme wa Iran na nchi za jirani walimtumia njiwa adimu kama zawadi. Yaani njiwa walisafiri kama zawadi za wafalme, kwa misafara na kwa meli. London nako, mwaka 1735, muuza dawa mmoja kwa jina John Moore alitoa kitabu kizima cha njiwa tu.

Hata sisi lugha yetu imeweka kumbukumbu ya safari hizo. Pwani njiwa wa kufugwa anaitwa njiwa manga. Manga ni Uarabuni, upande wa Omani, kama ilivyo kwa pilipili manga. Jina lenyewe linakwambia huyu ndege alishuka kutoka jahazini.

Nimetaja hayo yote kwa sababu moja. Hakuna hata mmoja wa hao watu aliyejua kishungi kinarithiwa vipi. Walijua tu kwamba ukiweka kishungi na kishungi pamoja, unapata kishungi. Hiyo walikuwa sawa kabisa. Shida inaanza ukichanganya.

Darwin kwenye baa ya wafugaji

Mtu anayetajwa sana kwenye stori za njiwa ni Charles Darwin. Wengi wetu tuliambiwa shuleni kuhusu Galapagos na wale ndege wa visiwani. Wachache waliambiwa kwamba kitabu chake cha 1859 kinaanza na wanyama na mimea ya kufugwa, na kwamba ndani ya sura ile ya kwanza njiwa ndio wanaopewa nafasi kubwa. Msomaji mmoja aliyepewa mswada kabla haujachapishwa alishauri Darwin aachane na hayo mengine aandike juu ya njiwa tu, kwa sababu kila mtu anapenda njiwa. Fikiria angekubali.

Darwin alianza kufuga njiwa mwaka 1855 nyumbani kwake Kent. Hakuishia hapo. Alijiunga na vyama viwili vya wafugaji London, na aliwahi kumwandikia rafiki yake kwamba alikaa jioni nzima kwenye baa ya upande wa Borough, katikati ya wafugaji wa kawaida. Pale alisikia kwamba mfugaji mmoja amechanganya aina mbili ili apate njiwa wakubwa, na wote mezani wakatikisa vichwa kwa masikitiko kana kwamba kuna mtu amekufa. Kwao, kuchafua damu ya aina safi ilikuwa dhambi. Nikisoma hivyo nilicheka, maana ni wazee wa mtaani kwetu kabisa. Wamebadilisha tu kinywaji.

Wafugaji wengi wa wakati huo waliamini kila aina ya njiwa ilitoka kwa babu wake tofauti wa porini. Darwin alisema hapana, wote wana babu mmoja. Ushahidi wake? Alichanganya njiwa weusi na weupe wa aina zisizofanana, halafu akachanganya watoto wao. Kwa wajukuu akatokea njiwa wa rangi ya kijivu-buluu mwenye mistari miwili mieusi kwenye mabawa, rangi ile ile ya njiwa wa majabali. Rangi ambayo mama hakuwa nayo wala baba hakuwa nayo ilirudi.

Kwa hivyo Darwin alijua kuna sifa zinazojificha na kurudi. Alichokosa ni hesabu. Hakujua zinajificha wapi wala zinarudi kwa kipimo gani. Mwaka 1868 alitoa maelezo yake: kwamba kila sehemu ya mwili hutoa vijichembe vidogo vinavyokusanyika na kupita kwa mtoto. Hayo yalikuwa makosa. Na kinachouma ni kwamba jibu lilikuwa limeshachapishwa miaka miwili kabla, 1866, na mtawa mmoja wa Brno anayeitwa Gregor Mendel, aliyekuwa akihesabu njegere. Ni wachache waliolitilia maanani. Dunia ilirudi kwake mwaka 1900, wakati Mendel na Darwin wote wameshazikwa.

Hesabu niliyopaswa kuipiga

Hesabu ya Mendel ukiiweka kwa njiwa wa kishungi inakwenda hivi.

Kila njiwa hubeba nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Kishungi kinatokea tu kama nakala zote mbili ni za kishungi. Ukiwa na moja ya kishungi na moja ya kawaida, ile ya kawaida inashinda na kichwa kinakuwa laini. Lakini ile ya kishungi haijafutwa. Iko ndani, imenyamaza, na nusu ya watoto wako watairithi.

Sasa angalia kibanda changu. Dume wangu alikuwa na nakala mbili za kishungi. Jike wangu, inaonekana, hakuwa nayo hata moja. Kila kinda akachukua moja ya kishungi kwa baba na moja ya kawaida kwa mama. Wote vichwa laini, na wote wamebeba kishungi ndani yao. Jamaa wa soko hakunicheza. Nilikuwa na makinda wanane wenye kile kitu nilichokuwa nakitafuta, nikawaona ni takataka.

Angalia kibanda cha rafiki yangu. Nilimuuzia ndugu wawili, kila mmoja na nakala moja iliyojificha. Wakizaana, kila kinda ana nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbili za kishungi. Njiwa anatoa makinda wawili tu kwa mpigo, kwa hivyo unaweza kungoja. Hata ukiwa na makinda wanane kutoka kwa wazazi kama hao, kuna karibu asilimia 10 kwamba hutaona kishungi hata kimoja. Ndiyo maana wazee wa mtaani waliweza kufuga miaka mingi na kuapa kwamba haiwezekani. Haikuwa uongo, ni vile walikuwa hawajawahi kuiona.

Na hii ndiyo inaniuma zaidi. Mayai niliyosema yaliibwa yalikuwa ya dume wangu na jike yule yule. Wawili hao walikuwa wamenipa makinda wanane bila kishungi. Kwa nini mayai yao yatoe kishungi ati kwa sababu yamevuka ukuta kwenda kwa jirani? Ushahidi wa kumtetea rafiki yangu ulikuwa umesimama kwenye kibanda changu mwenyewe ukila mahindi. Sikuuangalia kwa sababu nilishaamua.

Herufi moja

Mambo hayakuishia kwa Mendel. Mwaka 2013 timu ya wanasayansi, wakiwemo Michael Shapiro wa Chuo Kikuu cha Utah na wenzake wa China na Denmark, walisoma DNA yote ya njiwa mmoja, kisha wakailinganisha na ya njiwa wa aina zaidi ya 30. Walitaka kujua tofauti ya wenye vishungi na wasio navyo iko wapi.

Waliikuta kwenye jeni moja inayoitwa EphB2. Ndani yake, herufi moja tu ya DNA imebadilika. Njiwa wa vishungi waliopimwa walikuwa na nakala mbili zilizobadilika. Wenye vichwa laini walikuwa na moja au hawakuwa nayo kabisa. Hesabu ile ile ya njegere.

Kazi ya hilo badiliko inaanza mapema, kinda akiwa bado ndani ya yai. Pale kisogoni, vichipukizi vya manyoya ambavyo kwa kawaida vingelala kuelekea shingoni vinageuka na kuelekea juu. Manyoya yenyewe yataonekana wiki nyingi baadaye, lakini uamuzi ulishafanyika kabla ganda halijapasuka. EphB2 ni kama swichi: kishungi kiwepo au kisiwepo. Ukubwa na umbo, kama ni ncha, ganda au kofia zima la Jacobin, hayo yanaamuliwa na jeni nyingine.

Halafu wakagundua kitu cha kihistoria. Kile kipande cha DNA kinachozunguka hilo badiliko kinafanana kwa njiwa wa vishungi hata kama ni wa aina ambazo hazina ukaribu. Maana yake ni kwamba badiliko hilo linaonekana lilitokea mara moja tu. Njiwa mmoja, mahali fulani, zamani. Wengine wote walilipata kwa kuchanganywa na watu. Kofia za Jacobin, kishungi cha dume wangu wa soo tano, vyote vina mzizi mmoja.

Fikiria ilivyosafiri. Haikuhitaji kuonekana ili isafiri. Njiwa wa kichwa laini aliyebeba nakala moja angeweza kuuzwa, kupewa zawadi au kupandishwa chomboni, na mnunuzi asijue amenunua nini mpaka siku wajukuu wawili wa huyo njiwa wakutane.

Macho hudanganya pande zote mbili

Labda unasema sawa, basi wenye vishungi wote ni ndugu. Hapo pia pole pole.

Kuna hua wa kufugwa mwenye utepe mweusi shingoni, yule mdogo wa rangi ya maziwa ambaye watu hupenda kumweka ndani. Babu yake ni hua wa Kiafrika anayeishi ukanda wa Saheli mpaka Pembe ya Afrika. Kuna hua wa aina hiyo wenye vishungi. Mwaka 2015 watafiti wa maabara ile ile ya Utah waliwapima, wakakuta jeni ni EphB2 tena, lakini badiliko ni jingine, mahali pengine kwenye jeni hiyo. Kishungi kile kile, lakini kimeanzia kwingine kabisa. Kwa hivyo kukosa kishungi hakumaanishi huna undugu na mwenye nacho, na kuwa nacho hakumaanishi mmetoka nyumba moja.

Na kuna hii inatuhusu hapa nyumbani. Unamjua yule njiwa wa Kiafrika mwenye ngozi nyekundu kuzunguka macho na madoa meupe kwenye mabawa? Kenya yuko, hata mijini utamwona juu ya mapaa. Mwaka 2018 maabara hiyo hiyo ilionyesha kwamba ile mitindo ya madoadoa meusi kwenye mabawa ya njiwa wengi wa kufugwa duniani ilitoka kwake. Zamani alizaliana na njiwa wa kufugwa, na jeni yake ikaingia. Kwa hivyo njiwa manga, ambaye jina lake linasema ni wa Uarabuni, anaweza kuwa amebeba Afrika kwenye mabawa yake. Yule njiwa wa madoadoa anayezurura London pia.

Tunavyohukumu

Kama ingekuwa stori ya ndege pekee ningenyamaza. Lakini ile sentensi niliyosema juu ya paa, kwamba wazazi wasio nacho hawawezi kuzaa mwenye nacho, nimeisikia mara nyingi sana ikisemwa juu ya watu. Mtoto amezaliwa na rangi tofauti kidogo, au nywele tofauti, au macho ya kahawia iliyopauka, na shangazi fulani anasema kwa sauti ya chini, lakini ya kutosha kusikika, kwamba huyu si wa huku kwetu. Mama mtu analia usiku. Wazazi wawili weusi wanapata mtoto mwenye ualbino na kijiji kinaanza kutafuta wa kulaumiwa, na mara nyingi ni mama, ilhali ualbino nao unarithiwa kwa njia hii hii: baba ana nakala moja iliyojificha, mama ana moja, na mtoto amezipata zote mbili. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyetoka nje ya ndoa.

Sisemi watu ni njiwa. Mambo mengi ya mwili wetu yanategemea jeni nyingi, si moja. Ninachosema ni kwamba macho yanaona kilichojitokeza tu. Hayaoni kilichobebwa. Na sisi tuna haraka ya kumwita mtu mwizi au mzinzi kwa ushahidi wa macho pekee, hata pale ushahidi wa kumtetea unapokula mahindi mbele yetu.

Wazee wa mtaani siwalaumu sana. Walisema walichokijua, na Darwin mwenyewe hakuwa na hiyo hesabu. Lakini wao hawakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga.

Kabla ya kuandika hii nilitafuta namba ya rafiki yangu kupitia binamu yake. Nilimpigia jana jioni. Nikamweleza yote, nakala mbili, moja kati ya nne, herufi moja. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia, "Mama bado anaikumbuka hiyo siku. Mpigie yeye."

Nitampigia leo. Nikishaomba msamaha, nitamrudishia pesa yake.